Prosesa ya Mia Tatu

Fengyuan, Jumapili, 12 Machi 2000

Mdogo wangu A-Han,

Mama anauliza kama soksi zimefika na kama huko kisiwani mnapewa mboga. Mjibu kwenye karatasi yake mwenyewe, maana hii simwonyeshi.

Nina swali ambalo ni wewe tu unayeweza kulijibu. Tangu tetemeko la Septemba ofisi yetu imepewa shule nne za kujenga upya, na kompyuta ni mbili kwa wahandisi watano. Kwa hiyo Mhandisi Weng ameniruhusu nifanye mahesabu nyumbani, kwenye ile kompyuta uliyoniundia kabla hujaitwa jeshini. Sasa nina shule ya msingi ya kule mlimani, juu ya Dongshi: ghorofa tatu, madarasa kumi na mawili. Naingiza vipimo vya nguzo na boriti, nabonyeza, naenda kumsaidia Mama kukata mboga, nikirudi jengo zima limeshatikiswa humo ndani na majibu yananisubiri. Dakika arobaini tu. Ya ofisini inachukua saa moja na nusu. Fang, tunayekaa naye meza moja, haamini mpaka leo.

Lakini wiki hii imeganda mara mbili. Skrini ikawa bluu, maandishi meupe, basi, kazi ya asubuhi nzima ikaenda. Fang anasema prosesa, ule ubongo wake, imechoka, nibadilishe niweke mpya, na ana binamu mwenye duka Taichung. Mimi naona mwaka mmoja na nusu si uzee. Ila sijui. Wewe ndiye uliyeiunda, wewe ndiye unayejua kilichomo. Nibadilishe au niache? Michoro ya nguzo inatakiwa katikati ya Aprili, na sitaki kupasua tumbo la kompyuta katikati ya kazi bila sababu.

Nijibu upesi.

Dada yako,
Yun-ju


Dongyin, 22 Machi 2000

Dada A-Ju,

Usinunue kitu. Mwambie Fang na binamu yake wakatafute mteja mwingine. Hiyo kasi yake ni megahezi mia nne na hamsini, dada, na siku niliyoiunda hakuna mtu darasani kwetu aliyekuwa na mashine ya kuishinda. Ukiweka mpya leo utapata nini? Dakika kumi. Na itabidi ubadilishe na ubao wake, na kumbukumbu, kisha programu zako zikatae kufunguka. Katikati ya kazi ya shule? Hapana.

Kuganda ni vumbi tu. Fungua ubavu wa kushoto, chukua brashi ndogo ya rangi, safisha feni taratibu. Itatulia.

Huku ni ukungu mtupu. Kuna siku sioni viatu vyangu. Meli ikishindwa kutia nanga, barua hubaki kwenye gunia na sisi tunabaki na wali wa makopo. Simu ya kadi ipo moja, nje ya duka la kambi, na ukiishika tu watu ishirini nyuma yako wanaanza kukohoa. Kwa hiyo tuandikiane.

Endelea kuringa mbele ya Fang. Iko imara.

A-Han


Fengyuan, 4 Aprili 2000

A-Han,

Nimefanya ulivyosema. Nimesafisha feni, na haijaganda tena zaidi ya mara moja. Nimeihamisha pia. Ukuta wa chumba cha juu ule ufa umepanuka, Mama hataki nikae huko, kwa hiyo kompyuta iko chini, kwenye meza iliyo karibu na madhabahu. Picha ya Baba inanitazama ninapofanya kazi. Joto limeanza mapema mwaka huu na Mama anawasha udi asubuhi na jioni, chumba kizima ni moshi, lakini ninavumilia.

Ninachotaka kukwambia si habari za kompyuta. Ni habari zangu, na usimwandikie Mama.

Jumanne iliyopita nilikokotoa jengo la mashariki la ile shule ya mlimani. Jumatano nikalirudia, nikapata majibu tofauti. Si tofauti kubwa, nguzo mbili na boriti moja. Nikajua nimeingiza namba vibaya mahali fulani. Nikatafuta siku nzima nisione. Alhamisi nikaingiza upya kila kitu, nikapata jibu la tatu. A-Han, ni mimi yuleyule, kwa karatasi zilezile.

Unajua kwamba tangu Septemba silali vizuri. Gari kubwa likipita nje nashika meza. Nilidhani yatapita. Sasa naona yameingia kichwani. Mhandisi Weng aliniuliza juzi kwa nini nimechelewa, nikamwambia nakagua. Sikuweza kumwambia kwamba siziamini tena hesabu zangu mwenyewe. Miaka saba nimefanya kazi hii. Fang alinionea huruma akasema labda ni kompyuta, nikamjibu kwa ukali kwamba mdogo wangu ameithibitisha. Kwa hiyo nimebaki mimi.

Shule ya zamani ya pale ilianguka usiku. Ingeanguka mchana, wangekuwamo watoto mia na hamsini. Nafikiria hilo kila ninapobonyeza.

Yun-ju


Dongyin, 12 Aprili 2000

Dada A-Ju,

Simamisha kazi. Soma barua hii yote ndipo ukasirike.

Si wewe. Ni prosesa, na ni mimi.

Ile prosesa si mia nne na hamsini. Ni mia tatu. Kiwandani waliipima wakaiandika mia tatu, na hivyo ndivyo nilivyoinunua. Niliingia kwenye mipangilio yake ya ndani nikaiamuru ikimbie mia nne na hamsini, nikaiongezea umeme kidogo ili istahimili. Watu wengi tunafanya hivyo, ni kama mchezo, na ile ilikubali tangu siku ya kwanza. Nilikuwa na furaha mno nikamwambia Baba ni mia nne na hamsini. Kabla sijamweleza maana yake alikuwa ameshatoka nje kuwatangazia majirani. Angalau kwake ningeweza kurudi nikamweleza. Sikurudi. Kisha akafariki, na wewe ukaanza kuitumia, na mimi nikaona aibu.

Wakati wa baridi, chumba cha juu, dirisha wazi, haikuwa na shida. Sasa umeiweka kwenye joto na moshi wa udi. Ikizidiwa, wakati mwingine inaganda, na hiyo ndiyo afadhali. Wakati mwingine haigandi. Inakosea hesabu kimyakimya na kukupa namba kama kawaida. Ulipoandika kuhusu kuganda nilijua inawezekana. Nilikwambia ni vumbi.

Fanya hivi. Zima. Washa, na mara tu maandishi ya kwanza yanapotokea bonyeza kitufe cha kufuta. Ukurasa wa bluu wa mipangilio ukifunguka, tafuta mstari wenye namba 100, uweke 66. Hifadhi, toka. Itawaka ikisema mia tatu. Itakuwa ya polepole, lakini itasema kweli. Halafu rudia kila kitu ulichokokotoa tangu Februari.

Ukungu umeshuka tena. Naomba Mungu wa Bahari aifungulie njia meli ya kesho.

A-Han


Fengyuan, 20 Aprili 2000

Mwanangu A-Han,

Mimi mama yako. Mkono wangu ni mbaya, utavumilia.

Nilifurahi ulipopiga simu Jumatatu, hata kama laini ilikuwa inakatika na watu wanapiga kelele nyuma yako. Nilisikia ulivyosema nimwambie dada yako apunguze kasi. Nimemwambia siku ileile wakati wa chakula. Nilimwambia, A-Han amepiga simu kutoka kisiwani kwa ajili yako, anasema upunguze kasi. Kijiti anacholia wali kikamponyoka, akaanza kulia. Akasema, "Hata yeye ameona." Sikuelewa ameona nini. Ile mia tatu uliyotaja nayo sikuielewa, nikadhani unataka kutumiwa kitu, na kadi yako ikaisha.

Umefanya vizuri kumsemesha, maana mimi hanisikii. Hali wali. Nimempeleka kwa daktari, amempa vidonge vya usingizi akasema ni wengi wenye hali hiyo tangu tetemeko. Ile michoro ya shule aliipeleka tarehe kumi na tano. Nikadhani sasa atapumzika, lakini jana ameniambia mwisho wa mwezi atamwomba Mhandisi Weng amtoe kwenye mahesabu, ajibu simu na kupanga mafaili. Msichana aliyesoma miaka yote ile. Anasema kichwa chake hakifai tena kukabidhiwa majengo.

Mwandikie maneno mazuri. Usimzungumzie mambo ya kompyuta, yanamchosha.

Kula mboga.

Mama


Dongyin, 26 Aprili 2000

Mama,

Barua yako imekuja na meli ya leo, ya kwanza kufika tangu tarehe kumi na mbili. Barua niliyomwandikia dada siku hiyo ilikuwa bado imelala kwenye gunia hapa bandarini. Ndiyo maana nilipiga simu. Nilitoroka zamu kuja kupiga, wakanikamata, na mpaka tarehe kumi Mei sina ruhusa ya simu wala ya kutoka kambini.

Mama, sikusema dada apunguze kasi. Nilisema kompyuta ipunguzwe kasi. Dada ni mzima. Kichwa chake ni kizima kuliko cha kwangu. Kompyuta ndiyo inayokosea, nami nilijua ni kwa nini, nikanyamaza.

Meli inaondoka kesho alfajiri na barua zote mbili. Yake ni ile yenye bahasha ya kahawia. Mpe mkononi, na usitoke chumbani mpaka amemaliza kusoma. Asimwendee Mhandisi Weng kujishusha kabla hajaisoma. Kama ameshaenda, amfuate tena, amwambie awazuie wajenzi wasimwage zege.

Atanikasirikia. Usinitetee.

Mwanao,
A-Han


Fengyuan, Alhamisi, 4 Mei 2000

A-Han,

Mama alinipa barua yako Jumamosi mchana akasimama mlangoni kama askari. Niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, kwa sababu nilikuwa mzima. Mara ya pili nilitoa ratiba ya ujenzi kwenye mkoba.

Zege la nguzo za chini lilipangwa kumwagwa Jumanne.

Nilifuata maelekezo yako. Nilikikosa kile kitufe mara tatu. Ikawaka ikisema mia tatu, A-Han, imeandikwa pale wazi kabisa, kama mtu aliyeulizwa jina lake akalitaja. Mama akauzima udi mwenyewe bila kuambiwa. Nikaingiza jengo la mashariki upya, nikalikokotoa. Saa nzima. Nikarudia. Nikarudia tena. Majibu matatu, yote sawa. Sijui kama unaweza kuelewa nilivyojisikia kuona namba zilezile zinarudi.

Kisha nikayalinganisha na niliyopeleka tarehe kumi na tano. Mashine yako ilikuwa imekosea boriti nne. Tatu zilikuwa nene kuliko inavyotakiwa, hazina madhara. Moja ilikuwa na nondo pungufu.

Na kuna jambo la tano. Nguzo ya pembeni, chini ya ngazi. Pale kompyuta haikukosea. Ilikokotoa vizuri kabisa nilichoipa, nami kwenye karatasi zangu nilikuwa nimeandika urefu wa mita 4.5 badala ya 5.4 za mchoro. Ni mkono wangu, wa mwezi wa tatu mwanzoni, kabla sijaanza kujitilia shaka. Nilipitia karatasi zile mara ngapi! Nilikuwa natafuta kosa mahali ambapo halikuwepo, nikapita juu ya hili.

Jumatatu nilimsubiri Mhandisi Weng mlangoni saa moja asubuhi. Nilimweleza yote, mashine na mkono. Alisikiliza akiwa amesimama, mkoba bado begani. Nilidhani atapiga kelele. Aliniuliza tu, "Nondo za ile nguzo zimeshafungwa?" Nikasema ndiyo. Akainua simu, akamwambia fundi mkuu hakuna gari la zege litakaloingia Jumanne. Yule fundi alimtukana kwa muda mrefu kidogo. Kisha Mhandisi Weng akautua mkoba, akavuta kiti, tukapitia michoro karatasi kwa karatasi hadi saa mbili za usiku, yeye kwa kikokotozi cha mkononi.

Sasa nisikilize. Makosa ya mashine nakusamehe, wewe ni mtoto uliyependa mashine. Lakini kwa wiki nne niliamini kwamba akili inaniacha. Nilikunywa vidonge. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuomba kupanga mafaili, ipo kwenye droo. Nawe ulikuwa na sentensi moja ya kunitoa huko, ukaniambia ni vumbi. Hilo bado. Usiniombe bado.

Mhandisi Weng anasema ofisi itaninunulia prosesa mpya na ubao wake. Fang ameshampigia binamu yake. Sijajibu.

Yun-ju


Dongyin, 13 Mei 2000

Dada,

Siombi.

Nimesoma habari ya nondo pungufu mara nyingi. Kuna siku tunajenga ngome hapa kwa saruji na mimi nachanganya, na nilijikuta nimesimama na koleo natazama tu. Sajini akanipigia kelele.

Kuhusu prosesa mpya, mara ya kwanza uliponiuliza nilijibu kwa ajili yangu. Kama ungefungua ile kompyuta dukani, yule binamu angesoma maandishi ya juu ya prosesa na ningeumbuka. Ndiyo sababu yote. Sababu nyingine nilizokupa nilizitafuta baadaye. Kwa hiyo safari hii sikuamulii. Nitakwambia tu ninachojua: mia tatu ikiachwa kwenye mia tatu itakutumikia miaka mingi na haitakudanganya. Mpya itakuokolea muda, na ukiinunua, usimruhusu mtu yeyote aikimbize zaidi ya kilichoandikwa, hata kama ni mimi.

Kubadilisha unaweza mwenyewe. Nimekuchorea kwenye karatasi ya pili. Kile kishikio kidogo kinachoibana prosesa kinainuka juu, usiogope mlio wake.

A-Han


Fengyuan, Jumapili, 11 Juni 2000

A-Han,

Niliiacha mia tatu hadi mahesabu ya shule yalipokwisha. Sikutaka kubadilisha mtumbwi nikiwa katikati ya mto. Saa nzima kwa kila jengo, nami nikawa natumia saa hiyo kufanya nguzo mbili tatu kwa mkono, kwa kalamu, kama tulivyofundishwa chuoni. Zilipolingana nilikuwa naweka alama nyekundu. Sina haraka niliyokuwa nayo, na Mama anasema nimeanza kumaliza bakuli.

Jana nimeweka mpya. Nimekwenda kwa binamu ya Fang, nikasoma mwenyewe namba iliyoandikwa juu yake, nikamwuliza mbele ya wateja kama kuna mtu ameigusa. Akakasirika kidogo. Nyumbani nikafuata mchoro wako. Ule mlio ulinishtua hata hivyo. Ilipowaka nikaingia kwanza kwenye ukurasa wa bluu kuhakikisha inasema kilichoandikwa, na ilisema. Baadaye nikalikokotoa jengo la mashariki kwa dakika kumi na nane, majibu yakawa yaleyale ya ile ya zamani. Ndipo nikaiamini.

Ile barua ya kuomba mafaili nimeichana.

Wiki iliyopita nilipanda mlimani na Mhandisi Weng kuangalia zege la ghorofa ya pili. Nguzo ya chini ya ngazi imeshakauka. Nimeishika. Ni nene, ina baridi, haina cha kusema. Nilikuwa bado nimeweka kiganja pale mama mmoja wa makamo akaja na birika la chai kwa mafundi. Ni mpishi wa shule, alikuwepo tangu enzi za jengo la zamani. Alinitazama kofia, akatazama nguzo.

"Lile la kwanza lilianguka usiku," akasema. "Ndani hamkuwa na mtoto hata mmoja. Bahati ya namna hiyo hatuwezi kuiomba mara mbili."

Nikasema ndiyo.

"Hili nani amelipigia hesabu?"

Mhandisi Weng alikuwa karibu, alisikia. Angeweza kujibu yeye, saini kubwa ni yake. Aligeuka akaanza kukagua dirisha. Nami nilikumbuka mwezi wote wa nne, vidonge, na skrini, na yale majibu matatu yasiyolingana.

"Mimi," nikasema.

Akanimiminia chai.

Likizo yako ikifika, njoo nikupeleke ukaione. Utaingia kwa miguu yako hadi chini ya ile ngazi, na hapo tutazungumza.

Dada yako,
Yun-ju